Laini yangu ni ya jina la marehemu mume wangu, nami nimo ndani ya eda

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mkaazi wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Mume wangu alifariki kwa maradhi ya ghafla, na sasa nimo ndani ya eda, kile kipindi cha mjane kutulia nyumbani, na huu ni mwezi wake wa pili. Nakuandikia kwa simu ya mwanangu kwa sababu yangu haifanyi kazi, na hilo ndilo lililonileta kwako.

Laini niliyokuwa nikitumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume wangu. Tulipooana sikuwa na kitambulisho. Kwetu ni Faza, na watu wa visiwa hivi wanajua jinsi mtu alivyokuwa akisailiwa na wazee wakaitwa kumthibitisha kabla hajapewa. Basi mume wangu akaninunulia laini, akaiandikisha kwa jina lake, nikaishika miaka yote hii. Kitambulisho nilikuja kukipata baadaye. Ilipotoka amri ya 2022 ya kusajili laini upya na kupigwa picha, nilikuwa na mimba kubwa na foleni zilikuwa ndefu. Akaenda yeye, na laini zote mbili, yake na hii yangu, zikabaki kwa jina lake.

Kazi yangu ni kushona kofia za vito. Wateja wangu wako Mombasa na wengine Maskati. Kofia moja yaweza kunichukua miezi, kwa hiyo mteja hutanguliza pesa kidogo kwa simu, na kofia ikiisha humaliza. Tena mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha wanawake kumi na wawili. Kila mmoja hutuma shilingi 2,000 kwa mwezi kwenye laini hiyo hiyo, kisha mmoja hupokea kwa zamu.

Baada ya mazishi, shemeji yangu alisikia kuwa kuna matapeli wanaotumia laini za wafu kukopea. Kwa nia njema akachukua kibali cha mazishi, akaenda duka la kampuni ya simu huko Malindi, akaomba laini ya ndugu yake ifungwe. Wakaangalia kitambulisho, wakaona laini mbili, wakafunga zote mbili. Mimi niko ukumbini na wageni wa tanzia, naangalia simu, imeandika dharura pekee. Ndani yake mna shilingi 41,300. Humo, 24,000 ni za chama, zilikuwa zimetimia siku chache kabla ya msiba. Shilingi 9,000 ni za mteja aliyetanguliza kofia mbili. Hizo 8,300 zilizobaki ni mchanganyiko, nyengine ni faida yangu na nyengine ni matumizi ya nyumba aliyonitumia marehemu.

Nilipiga huduma kwa wateja kwa simu ya mwanangu. Binti aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaniambia niende mwenyewe Malindi na kitambulisho, cheti cha kifo na barua ya mahakama. Nikamwambia nimo edani, barua ya mahakama sina, na cheti cha kifo bado hakijatoka. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, mfumo hauniruhusu." Ajenti wa hapa kwetu naye anasema halimo mikononi mwake.

Mwenzetu ambaye zamu ni yake ana mtoto ameitwa chuoni na anazisubiri hizo pesa. Shemeji anasema chochote kilichomo kwenye laini ya marehemu ni mirathi, kigawanywe. Mwanangu anasema nambari ya siri naijua, tutafute njia laini ifunguliwe japo siku moja, tuzitoe zote, mazungumzo baadaye. Usingizi umenipaa.

Nivunje eda niende Malindi? Pesa za chama ni mirathi? Na nambari ile wanayoijua wateja wangu wote, nitaipata tena?

Mjane, Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akupe subira wewe na watoto.

Malindi usiende. Nalisema mapema kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko pesa zenyewe. Eda yako ni miezi minne na siku kumi, na kampuni ya simu haina haki ya kukuwekea sharti la kusafiri bara, ulale njiani au kwa watu, ili uambiwe kwamba bado karatasi moja haijatimia. Na kwa ulivyoeleza, ingekuwa hivyo, kwa sababu barua ya mahakama huna na cheti cha kifo bado hakijatoka. Ungevunja eda ukarudi mikono mitupu.

Hayo mengine yote yanaanzia hapo hapo Amu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata Pwani hii, wamemruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja na kurudi kulala nyumbani kwake. Kutoa fatwa si kazi yangu, kwa hiyo mtume mwanao kwa Kadhi akuulizie juu ya hali yako hasa, upate jibu la mwenye elimu. Lakini kutoka Langoni kwa miguu hadi mahakama ya Kadhi, ukatia saini, ukarudi, kuko mbali sana na safari ya Malindi.

Kabla ya Kadhi kuna jambo la wiki hii. Sajili laini mpya kwa kitambulisho chako wewe. Ajenti wa Amu aliyekwambia ile ya zamani haimo mikononi mwake, hii mpya imo. Ikishafunguka, piga *106# uone ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lako, uwe na hakika ni hiyo moja tu na hakuna nyengine iliyopachikwa na mtu. Kisha ihamishie mambo yako yote: benki ukiwa nayo, eCitizen ile tovuti ya huduma za serikali, shule ya watoto, wateja wa kofia mmoja mmoja. Na SHA pia, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama ulikuwa umeandikishwa chini ya marehemu, jiandikishe sasa kwa jina lako na nambari mpya, uwatie na watoto. Siku mtoto akiugua usiku wa manane si siku ya kugundua kwamba ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye laini iliyofungwa.

Naliharakisha hili kwa sababu kampuni zetu za simu zina desturi ya kuirudisha sokoni nambari iliyokaa miezi bila kutumika. Ikishauzwa, atakayeinunua hana kosa lolote, lakini ujumbe wa chama chako, wa wateja wako na wa serikali utamfikia yeye.

Sasa pesa. Mwanao ni kijana mwema na anaona mama yake anahangaika, lakini fikra yake ya kutumia nambari ya siri iondoe kabisa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wengi wetu husema sisi Waislamu sheria hiyo haitugusi. Katika mafungu ni kweli, sisi tunagawa kwa Qur'ani. Lakini sehemu inayohusu usimamizi wa mali, ambamo kifungu hicho kimo, inatuhusu pale ambapo haipingani na sheria yetu ya Kiislamu. Na hata tukiiweka sheria kando, siku utakapozitoa pesa kwa siri, shemeji yako atakuwa na neno la kusema juu yako maisha yako yote, na shilingi 24,000 za watu zitaonekana kama zilitoroshwa.

Shemeji naye amekosea kwenye hesabu, wala simdhanii ubaya. Alichofanya cha kufunga laini ya ndugu yake ni cha busara, ni kweli wapo wanaokopa kwa majina ya wafu. Kilichoharibika ni dukani: mtu alitaja laini moja, wao wakafunga mbili bila kuuliza hii ya pili iko mkononi mwa nani. Lakini kusema kila kilichomo ni mirathi, hapana. Jina lililo kwenye laini ni dalili tu ya mali, na dalili hujibiwa kwa ushahidi. Mali ya maiti haigawanywi mpaka yatolewe madeni, na amana ya watu haikuwa yake hata siku moja. Shilingi 24,000 ni za wanawake kumi na wawili walio hai, wanaojulikana kwa majina. Shilingi 9,000 ni za mteja anayengojea kofia zake, na deni la kuzishona liko juu yako wewe, si juu ya marehemu.

Tazama tofauti yake. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Ukikubali shilingi 41,300 zote ziitwe mirathi, utatoka na elfu tano na ushei, halafu chama kitakudai elfu ishirini na nne na mteja elfu tisa. Utakuwa umerithi deni. Wala usione haya kulisema hili kwa kuwa umo katika msiba.

Zile 8,300 za mchanganyiko usizipiganie kwa sauti kubwa. Mwachie Kadhi. Pesa za matumizi alizokupa mumeo mkononi zina hukumu yake, na Kadhi ndiye wa kuitamka. Wewe sema ukweli kama ulivyouandika kwangu, kwamba nyengine ni faida yako na nyengine alizituma yeye. Kuna haki za watoto wako humo pia.

Ushahidi unao nyumbani. Simu yenyewe, hata kama imeandika dharura pekee, ujumbe wa zamani bado umo. Usiifute, usiipe mtoto achezee, usitoe laini ukaitupa. Mwanao akae nayo mchana mmoja, apige picha kwa simu yake kila ujumbe wa pesa zilizoingia: jina la mtumaji, kiasi, tarehe na saa. Utaona shilingi elfu mbili mbili zimefuatana kwa majina ya wanachama. Kisha chukua daftari la chama lenye saini zao, uweke mstari kwa mstari na zile picha. Wawili watatu katika wanachama waende kwa Kadhi kutoa ushahidi. Mteja wa kofia akuandikie ujumbe kwenye laini mpya, ataje alichotanguliza na lini. Ukifika na vitu hivyo, si wewe tena unayedai, ni maandishi.

Katiba, kifungu cha 170, imewapa Makadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao, na Amu mahakama hiyo mnayo. Omba karatasi inayotaja mambo mawili kwa uwazi: nani msimamizi wa mali ya marehemu, na kiasi gani katika laini hii si mali ya marehemu. Mkisahau hilo la pili, kampuni itatoa pesa zote kwa msimamizi na ugomvi utaanza upya nyumbani.

Na hofu ya kwamba kampuni itazila, itoe moyoni. Pesa zilizolala bila mwenyewe kwa muda uliowekwa, sheria ya 2011 inazitaka zipelekwe kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali ya fedha isiyodaiwa, UFAA, na warithi huzidai kutoka huko. Ni njia ndefu na sikutakii uifike, lakini hazipotei.

Kampuni yenyewe iandikie barua, usibaki kwenye kupiga simu. Huduma kwa wateja ukipiga leo unampata huyu, kesho yule, na kila mmoja unamsimulia msiba wako upya. Hilo peke yake linachosha moyo. Barua ina tarehe. Ieleze kwamba laini ilifungwa bila kuombwa, kwamba mtumiaji wake ni wewe, na kwamba jambo liko mbele ya Kadhi. Waombe wasiirudishe nambari sokoni hadi Kadhi amalize. Waombe waandae taarifa ya miamala kwa ajili ya mahakama. Kisha waulize, kwa adabu, ni kanuni ipi inayosema mjane wa Amu lazima ahudumiwe Malindi. Kanuni za usajili wa laini zinataka mtu ajitambulishe kwa kitambulisho halisi, na usajili huo hufanywa na maajenti pia. Wanaoweza kukusajili laini mpya hapo Amu wanaweza kukitazama kitambulisho chako hapo hapo Amu. Kama wana sababu, waiandike. Omba nambari ya malalamiko na uitunze.

Wakikaa kimya au wakikuzungusha, peleka barua hiyo hiyo na nambari ya malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ina ofisi ya Pwani mjini Mombasa. Kanuni za kumlinda mtumiaji za 2010 ziko chini yao, na kifungu cha 46 cha Katiba kimeitaja haki ya mtumiaji kupata huduma ya kiwango kinachofaa. Sisi watu wa visiwani tumezoea kuambiwa "nenda bara" mpaka tukaona ni sheria. Si sheria. Ni urahisi wa anayekaa bara, na gharama yake anailipa mwanamke kama wewe kwa nauli, kwa siku ya kazi, na safari hii kwa eda yake.

Kuhusu kuirudisha nambari, sitakupa ahadi. Nambari za simu hazirithiwi kama nyumba au dau. Mamlaka huzigawia kampuni, kampuni hutupa sisi kuzitumia, na haki ya kutumia iko kwa jina lililoandikwa. Kampuni nyingi hukubali kumwandikia jamaa wa marehemu akiwa na karatasi zote, na unayo sababu nzuri ya kuomba. Omba kwa nguvu zako zote. Ila biashara ya kofia usiisimamishe kwa ajili yake, anza na nambari mpya.

Hapa nawageukia wengine mnaosoma, maana barua ya mwenzenu huyu ingeweza kuandikwa na nusu ya mitaa ya Amu na Malindi. Laini ya mke kwa jina la mume, ya mama kwa jina la mtoto aliyeko Saudia, ya kijana kwa jina la mjomba kwa kuwa kitambulisho kilichelewa. Wote wawili mkiwa hai ni jambo dogo: mnakwenda pamoja na vitambulisho vyenu, laini inahamishwa jina. Wanaume, msiwangoje wake zenu waliseme, wao wanaona haya, wanaogopa mtadhani wanawatabiria kifo. Semeni nyinyi. Na nyinyi mnaoweka pesa za chama, zisikae katika laini iliyo kwa jina la mtu asiye mwanachama.

Narudi kwako, mwanangu. Wenzako wa chama waite nyumbani, wewe huhitaji kutoka. Waonyeshe simu, waonyeshe zile picha, waambie pesa zipo na njia ya kuzitoa ni hii na itachukua muda. Usiwaache wakisikia nje. Yule mwenye mtoto wa chuo ndiye wa kufikiriwa kwanza: wakikubali, mchango wa mwezi huu apewe yeye moja kwa moja kwa mkono mbele yenu, muandike kwenye daftari kwamba amepokea zamu yake, na zile zilizofungwa zikitoka ziwe za anayefuata. Siku mtakayoandika hesabu ya kumpelekea Kadhi, mwite na shemeji yako akae asikie na aone. Akishaona majina ya wanawake kumi na wawili kwenye daftari, sidhani ataendelea kusema ni mirathi.

Cheti cha kifo mwanao anaweza kukiomba kwa eCitizen kwa akaunti yake mwenyewe. Atahitaji kibali cha mazishi na kitambulisho cha marehemu, na kibali, kwa ulivyoeleza, alikichukua shemeji yako alipokwenda Malindi. Mwombe leo, kwa upole, na kabla hakijatoka tena nyumbani mtoe nakala.